Mgeni Niliyemficha Bredäng

Mumbua alikuwa amekaa juu ya boksi la vyombo, viganja magotini, akiniamuru nini nifunge na nini nitupe. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana. Nilikuwa nimesafiri kutoka Tanga kuja kumsaidia kuhama fleti yake ya Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya saba, ambamo ameishi tangu sisi wawili tukiwa wasichana tunaogawana jokofu moja. Wajukuu zake wawili walikuwa sakafuni wakibandika majina kwenye maboksi. Yeye huwasemesha Kiswahili, wao humjibu Kiswidi, na kila upande huelewa unachotaka kuelewa. "Mnamwona huyu nyanya?" akawaambia. "Mnaona vile ametulia? Basi huyu aliwahi kuficha mwanaume kwa hii nyumba. Siku mbili nzima! Hata kwa dirisha hakuruhusiwa kuchungulia." Watoto wakacheka, nami nikacheka, lakini kikombe nilichoshika nilikifunga kwa gazeti mara mbili, kwa jambo lililopita zaidi ya miaka hamsini. Mumbua husimulia vizuri, ila hupunguza. Mwaka ule nilificha mambo mawili, na lile analolisimulia yeye ndilo lililokuwa jepesi.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na nilifanya kazi katika karakana ya meno bandia katikati ya Stockholm. Niliajiriwa kufagia vumbi la plasta na kuosha vyombo. Hakuna aliyenifundisha kitu kingine, kwa hiyo nilijifundisha. Nilikuwa nikiokota vielelezo vya taya vya plasta vilivyotupwa, nakuja navyo Bredäng mfukoni, na baada ya chakula nayeyusha mishumaa kwenye kopo na kuchonga meno kwa kisu cha kumenyea viazi. Meza ya jikoni ilijaa magego. Mumbua, aliyekuwa mhudumu wa wagonjwa hospitalini, alikuwa akirudi zamu anayasukuma kwa kiwiko apate mahali pa kuweka sahani. "Huu mdomo ni wa nani leo?" angeuliza. Kiswidi nacho nilijifundisha hivyo hivyo, kwa kunakili kamusi ukurasa mmoja kila siku, na siku niliyokosea herufi moja niliuchana ukurasa nikaanza upya. Sijivunii tabia hiyo. Nilidhani kwamba mtu aliyejifundisha mwenyewe haruhusiwi kosa hata moja, kwa sababu hana mwalimu wa kumlaumu.

Kisha mwenye karakana, mzee mrefu aitwaye Torsten, akaliona moja ya meno yangu ya nta. Wiki iliyofuata akanipa kiti na taa, na mapema mwaka ule akaniletea fomu ya shule ya ufundi wa meno: miaka miwili, kuanzia mwisho wa kiangazi, na cheti mkononi. Niliipeleka kwa Bwana Hatibu kule Vällingby. Alikuwa mtu wa Pangani aliyefanya kazi ya kupanga barua posta, na ndiye aliyekuwa mzee wetu, Watanzania na Wakenya wote, ingawa alikuwa bado hajafika miaka hamsini. Alinisaidia kuijaza kwa mwandiko wake mzuri, nikatia sahihi, nikaipeleka. Nilifanya hayo nikiwa nimeposwa. Mchumba wangu, Mhina, alikuwa mwalimu wa useremala Muheza, barua ya posa ilikuwa imejibiwa, na harusi ilikuwa Disemba, nikirudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa nimeahidi. Nilianza barua ya kumweleza mara tisa, na mara tisa niliichana, kwa sababu kila sentensi niliyoandika ilionekana ama ya kujitetea ama ya kuamrisha. Wiki zikapita, shule ikajibu kwamba nimekubaliwa, na Mhina akawa bado hajui lolote.

Ndipo ikaja barua yake yeye. Wizara imemteua kwenda Denmark kwa mafunzo ya wiki sita, na mwisho wake amepewa ruhusa ya siku kumi. Atapanda treni aje anione. Nilifurahi hadi nikakaa chini kwenye ngazi. Halafu nikaogopa. Desturi yetu Stockholm ilijulikana: mtu akija kutoka nyumbani hawi mgeni wako peke yako. Unamtaarifu Bwana Hatibu, naye hupiga simu kwa wote, na Jumapili watu hukusanyika kwake, wamebeba masufuria, kuja kusikia habari za mvua, za misiba, za bei ya sukari, na kumtazama tu mtu ambaye juzi alikuwa kule. Lakini Bwana Hatibu ndiye aliyejaza fomu yangu. Mhina akikaa naye dakika kumi, habari itatoka. Nikaamua kwamba hakuna atakayejua kuwa Mhina amekuja hadi nitakapokuwa nimemwambia mwenyewe, kwa utaratibu, mahali panapofaa. Nikapanga ratiba ya siku kumi kwenye karatasi ya miraba. Siku ya nne, saa tisa alasiri, ufukweni mwa ziwa, niliandika neno moja: "Kumwambia."

Alishuka kwenye treni akiwa amevaa suti ya kahawia iliyombana mabegani, na sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani. Tulipeana mikono kama watu wa ofisini. Sanduku lilikuwa zito mno, na lilinuka. Katika tunelibana, kama tulivyoiita treni ya chini ya ardhi, mama mmoja wa Kiswidi alisimama akaenda kukaa behewa la pili. "Usinitazame mimi," Mhina alininong'oneza. "Ni papa. Wiki sita nimelala naye chumba kimoja. Wadenishi walikuja na msimamizi wa bweni wakidhani kuna mtu amefia humo." Tulipofika Bredäng alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwamkia Mumbua kwa adabu, akafungua sanduku. Nguo zake zilikuwa chache pembeni. Kilichobaki ni vifurushi tisa, kila kimoja kimeshonewa kitambaa cha amerikani, na jina limeandikwa kwa wino: Bwana Hatibu. Gaspar, Södertälje. Majina mengine ya watu niliowakwepa kwa wiki tatu. Nilipokuwa naficha ujio wake Stockholm, mama yake alikuwa ameutangaza Muheza nzima.

"Tutawapelekea lini?" Mhina akauliza. Nikasema hakuna haraka. "Tunu, hii ni amana. Mama yake Gaspar ameituma kutoka Machame kwa mkono wa mwanawe mwingine, ninayefundisha naye shule moja. Nitakulaje, nitalalaje, amana ya mtu iko chini ya kitanda?" Mumbua alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine, huku akikoroga ugali wetu wa semolina, maana unga wa mahindi haukupatikana. Kifurushi kimoja, cha mwisho, kiliandikwa "Mumbua wa Tunu". Nilikuwa nimemtaja kwenye barua zangu, na mama Mhina aliona haifai nyumba ipokee mgeni halafu mwenye nyumba asipate kitu. Ndani mlikuwa na kanga doti moja na mfuko wa iliki. Mumbua alikuwa amekaa miaka mitatu Stockholm bila kupokea kifurushi hata kimoja. Kwao Machakos waliamini kwamba aliyeko Ulaya ndiye wa kutuma. Alijifunga kanga ile juu ya sare yake ya kazi, akanigeuzia mgongo, akakoroga ugali muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Huyu mama anajua watu," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. Kisha akajirudi: "Sasa mwalimu, utalala kwa kochi. Mimi nitalala chumbani na huyu. Mimi ndio askari, na sina usingizi mzito."

Ijumaa nilifaulu kumfungia ndani kwa kisingizio kwamba amechoka. Jumamosi alibeba mfuko wa vifurushi, akasimama mlangoni na viatu mkononi, na nikajua kwamba asipokwenda nami atakwenda peke yake akiuliza njia. Nikachagua Södertälje, kwa kuwa ndiko mbali zaidi na Vällingby. Gaspar alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha malori na alikaa na Mkongo mmoja katika chumba chenye vitanda viwili, redio, na ramani ya Afrika iliyofifishwa na jua. Alikifumua kifurushi chake kwa wembe, uzi kwa uzi, asikichane kitambaa. Ilikuwa kahawa ya shamba la mama yake, imechomwa tayari. Aliingiza pua mfukoni akakaa hivyo. Alituchemshia ile ile, hakutaka tunywe nyingine, akamwuliza Mhina habari za kaka yake, za mama, za ng'ombe, na Mhina akajibu kila swali kwa ukamilifu kama anatoa ushahidi. "Mwambie mama mwaka kesho nakuja," Gaspar akasema. Mkongo, aliyekuwa amelala na kofia usoni, akacheka chini ya kofia. "Ye kila mwaka anasema mwaka kesho. Ile mwaka kesho yake imekwisha kuota ndevu." Gaspar akamtupia soksi. Wote tukacheka isipokuwa Mhina. Tulipokuwa tunaaga, Gaspar akaniuliza kama kesho tutaonana kwa Bwana Hatibu. Nikababaika. "Ina maana mzee hajui?" akasema. "Mgeni ana siku tatu mjini na mzee hajui? Tunu, wewe una roho ya chuma." Na kabla sijafunga vifungo vya koti alikuwa ameshateremka kwenye simu ya ukumbini.

Ndani ya treni ya kurudi Mhina alikaa akiangalia misonobari inavyopita. "Gaspar alikuja kwa miezi tisa," alisema. "Kaniambia mwenyewe. Sasa ni mwaka wa sita." Baadaye kidogo akasema, "Heri wewe, Disemba yako inajulikana." Ile ndiyo ilikuwa nafasi. Haikuwa siku ya nne wala saa tisa alasiri, hakukuwa na ziwa, lakini mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikafungua kinywa, na nakiri hapa kwamba nilichosema ni kumweleza jinsi Waswidi wanavyohifadhi viazi wakati wa baridi. Nilieleza vituo vitatu.

Jumapili ile nyumbani kwa Bwana Hatibu tulikuta viatu jozi ishirini na zaidi mlangoni. Mkewe, Bi Gunvor, Mswidi aliyepika pilau kwa kipimo cha kijiko na saa ya ukutani, alimkumbatia Mhina kama mwana aliyepotea. Bwana Hatibu mwenyewe hakunyanyuka. "Binti Shekue," akaniita, kwa jina la baba yangu, "mwanamume mzima anashuka stesheni siku ya Alhamisi, mimi nasikia Jumamosi, tena kwa mtu wa Södertälje. Nimekukosea nini?" Nikainama, nikaomba radhi, nikasema mgeni alikuwa amechoka. "Amechoka na nani? Na wewe?" Watu wakaangua kicheko na nikasamehewa hapo hapo, kwa sababu vifurushi vilikuwa vimeanza kufumuliwa na hakuna aliyekuwa na muda wa hasira. Nakumbuka chumba kile kuliko chumba chochote nilichowahi kuingia: mapazia ya rangi ya chungwa, wanaume sakafuni wamezunguka sinia, mtu analia kimya kimya kwa sababu ya kipande cha papa, watoto wanaziba pua. Mhina alikuwa katikati yao, suti imevuliwa, anasimulia. Nilianza kuamini kwamba tutapona.

Ndipo Bwana Hatibu akagonga glasi kwa uma. "Kabla hatujala matunda," akasema, "mnajua kwamba mwenzetu huyu amepata shule? Miaka miwili! Wa kwanza kati yetu katika fani ile. Fomu niliijaza mimi kwa mkono huu." Akamgeukia Mhina. "Na wewe, mwalimu, tunakushukuru mbele ya wote. Wanaume wengine wangesema binti arudi, harusi iko Disemba. Wewe umeridhia. Mungu akuzidishie." Wakapiga makofi. Mhina alikuwa na tonge mkononi. Alilitia mdomoni, akalitafuna taratibu, akalimeza. "Ahsante, mzee," akasema. "Kazi ikimpata mwenyewe, wengine husogea ikapita." Mtu mmoja akamwuliza harusi basi itakuwa lini. "Hilo tunalizungumza," akajibu, akaomba maji. Hakuniangalia hata mara moja, wala hakuacha mtu yeyote aone kwamba habari ile ameisikia wakati mmoja na makofi. Nimeishi maisha marefu sasa, nami sijaona mtu akimsitiri mwenzake kwa bei ghali kama ile.

Tulirudi Bredäng kwa treni mbili, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma yake. Jikoni Mumbua alitutazama, akachukua kapu la nguo akashuka nalo chini kwenye chumba cha kufulia, ingawa zamu yetu ilikuwa Jumanne. Nilimwambia Mhina kila kitu: fomu, barua tisa, ratiba, hata viazi. Alisikiliza akiwa amesimama, ameegemea jokofu. "Ungeniambia, pengine ningekataa," akasema. "Sijui. Lakini kukataa kungekuwa kwangu. Sasa umekata shauri la fomu, umekata na la mimi nitasema nini, ukaninyima hata nafasi ya kuwa mtu mbaya mwenyewe." Nilisema nitaiandikia shule, nitakataa nafasi. Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Usinitendee hivyo! Ukirudi kwa hatia, nitakula chakula cha hatia maisha yangu yote." Akakaa. Kisha akauliza kama karakana yetu inaruhusu wageni.

Jumatatu nilikwenda naye. Mzee Torsten alimpa koti jeupe na kigoda, akamsahau. Siku hiyo nilikuwa natengeneza meno ya juu kwa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, na kwa kujua natazamwa niliizima taa ya spiriti ya kuyeyushia nta mara mbili bila kukusudia. Nilichonga jino la mbele kwa karibu saa nzima. Nilipomaliza nililiinua kwenye mwanga, nikalizungusha, nikalitupa kwenye kopo la mabaki, nikaanza jingine. Mhina alikaa kigodani tangu asubuhi hadi saa ya chakula, akiinama mara moja moja kama anavyoinama seremala kutazama kama ubao umenyooka. Tulikwenda kula mkate wetu kwenye benchi nje, penye maua ya zambarau yanayonukia wiki mbili tu kwa mwaka. "Lile jino ulilolitupa," alisema. "Nimelitafutia kosa, sikuliona." Nikamwambia halikuwa na kosa, ndiyo maana nimelitupa. Bibi yule ametafuna kwa miaka sabini. Ukimwekea jino lisilo na mkwaruzo, watu wote watajua si lake. Lazima upunguze ncha kidogo, upande mmoja zaidi ya mwingine, umfanyie jino lililoishi. Nilikuwa nimelielewa hilo mwaka ule tu, tena kwa meno peke yake. Kwangu mimi mwenyewe nilikuwa bado sijalielewa. Mhina akaacha kutafuna. "Na hayo ndiyo wanayofundisha miaka miwili?" Hayo na mengine, nikasema. "Basi soma," akasema. "Nasema mimi, sasa hivi, hujanisemea wewe. Soma."

Nilianza kulia, naye akaninyamazisha kwa mkono kwa kuwa alikuwa hajamaliza. "Lakini siwezi kukaa mchumba miaka miwili Muheza. Unakujua kwetu. Mchumba akichelewa, kila shangazi anakuja na binti wa jirani. Watanishauri asubuhi, watanishauri jioni, nami ni binadamu. Mume mwenye mke safarini hawamshauri. Wanamwonea huruma tu, wanamletea mboga." Akayapangusa magoti yake. "Tuoane kabla sijaondoka. Baba yako anaweza kumfanya Bwana Hatibu wakili wake. Watu wameozeshwa kwa wakala tangu zamani. Simu ya maandishi tukiipeleka posta leo, majibu hayakosi kufika kabla ya Jumamosi. Mahari utataja wewe." Nilimwangalia kama mtu aliyeniambia turuke kutoka ghorofa ya saba. Nilikuwa na daftari zima la harusi yangu ya Muheza. Nilikuwa nimeandika rangi ya maua ya jukwaani, majina ya waimbaji, hata nani akae karibu na nani ili wasigombane. Nilisema siwezi kuolewa bila mama yangu. Nikasema sina nguo. Nikasema nipe hadi kesho. Akasema kesho ni yangu, lakini simu kwa baba ni ya leo, maana posta ya Muheza haiendeshwi na wasiwasi wangu. Tukaipeleka.

Jumanne nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia na Mumbua, tukikunja shuka, na nilimwambia kitu ambacho sikuthubutu kumwambia Mhina: kwamba naogopa ninakubali kwa sababu nina deni la aibu, na kwamba ndoa iliyoanza kwa haraka itakuwa na dosari milele. Mumbua alivuta pembe zake za shuka kwa nguvu nikasogea mbele. "Hiyo daftari yako ya harusi nimeisoma," akasema. "Ndio, nimesoma, unaiacha juu ya friji. Maua nimeona. Biriani nimeona. Huyo Mhina ako ukurasa gani?" Nikasema yumo. "Nakuuliza ukurasa." Nikapanda juu nikalifungua. Yumo katika ukurasa wa kumi na moja, mstari mmoja: "Bwana harusi anaingia." Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na daftari lile. Kochini palikuwa na blanketi lake amelikunja vizuri, na kando yake vipimo alivyokuwa amechora vya meza yangu ya karakana, na kile kikato cha mviringo mbele ambamo fundi wa meno huweka kifua. Sikuwa nimemwomba. Jioni ile nikamwambia mahari yangu ni hiyo meza, aichonge kwa mninga kwa mkono wake, iwe tayari nikirudi na cheti. Akauliza, "Kwa hiyo umekubali?" Nikasema kukubali kwenyewe kuna siku yake na utaratibu wake, asinivuruge. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Vällingby.

Jumatano majibu hayakuja. Alhamisi hayakuja, na nikaanza kusadiki kwamba baba amekataa na anatafuta maneno. Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mhina mlangoni na karatasi. "HATIBU NI WAKILI WANGU. MAMA ANALIA LAKINI AMEFURAHI. BABA." Niliisoma nimesimama na koti, mara nyingi sana, hasa sentensi ya katikati.

Jumamosi tulikuwa Vällingby. Mashahidi walikuwa jirani wa Bwana Hatibu, Mturuki mwenye duka la matunda, na ndugu yake, kwa kuwa wengi wa wanaume wetu walikuwa Wakristo au walikuwa zamu. Gaspar alileta kahawa yake. Nilivaa gauni la sikukuu la Mumbua, lililonipwaya, na kanga yake ile mpya begani. Viatu havikulingana na chochote. Walinikalisha chumba cha kulala cha Bi Gunvor, juu ya kitanda, mlango ukiwa wazi kidogo, na Mumbua, aliyekuwa mlokole, ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Kwa kuwa mimi ni mimi, nilikuwa nimemwuliza Bwana Hatibu mapema utaratibu wote na kuuandika: wakili atakuja mlangoni kutaka idhini. Atauliza mara tatu. Bibi harusi mwenye haya hunyamaza mara ya kwanza, hunyamaza mara ya pili, na mara ya tatu hujibu kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeikariri. "Ukijibu mapema nakufinya," Mumbua akaninong'oneza. "Usituaibishe mbele ya Waturuki."

Sebuleni wakanyamaza. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, nikasikia Mhina anakohoa, kikohozi kile cha mtu aliyevaa suti inayombana, na nikatambua kwamba kwa siku kumi zote sikuwahi kuacha kusikiliza alipo ndani ya nyumba. Bwana Hatibu akaja mlangoni. Akasafisha koo. "Tunu binti Shekue," akaanza, polepole, kwa sauti ya msikitini, "mimi ni wakili wa baba yako, nimekuja kutaka idhini yako nikuozeshe kwa—"

"Nimekubali," nikasema. Nililisema kwa nguvu hadi sebuleni wakasikia.

Mumbua alisahau kunifinya. Nyuma ya mlango Gaspar akaanza kucheka, kisha Waturuki wakauliza kuna nini. "Mwanangu," Bwana Hatibu akasema kwa upole, "hata jina la bwana harusi sijalitaja."

"Litaje, baba," nikamwambia. "Jibu ni hilo hilo."